Nani alipima mvua yetu? Jibu kwa mwalimu wa Funu

«Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Funu, hapa Bukavu. Redioni wanasema serikali ina mpango wa kupambana na mabadiliko ya tabianchi, na kwamba mpango huo umejengwa juu ya utafiti wa kisayansi. Wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wakaniuliza: watafiti hao walifika lini kwetu? Sikuwa na jibu. Mvua za sasa si zile tulizokua nazo, Kalehe tulizika watu, na ukuta wa nyumba yangu una ufa unaozidi kufunguka kila msimu. Jirani anasema ni gesi ya ziwa inayovuta mvua, pasta anasema ni dhambi zetu, watu wa mashirika wanasema tupande miti. Je, sayansi inasema nini juu yetu sisi, na serikali inaisikia? Na mimi nihame au nibaki?»

Mwalimu, pole kwa wasiwasi wa nyumba. Nitaanza na swali la watoto, maana jibu lake ndilo litakalotufikisha kwenye ukuta wako. Lakini kama ufa huo umepanuka wiki hii, usinisubiri. Ruka hadi mwisho, soma ya nyumba kwanza, haya mengine utayarudia kukikauka.

Waambie wanafunzi kwamba watafiti walifika, ila hawakufika kote na hawakupima kila kitu. Mpango wa taifa unajua kile kilichopimwa. Nchi yetu imepimwa vizuri kiasi upande wa msitu na kaboni yake. Upande wa mvua, hasa huku kwetu milimani mashariki, imepimwa vibaya mno. Ndiyo maana ukisoma karatasi za Kinshasa utakuta msitu umeelezwa kwa namba na Kivu imeelezwa kwa huruma.

Kwanza tumalizane na jirani. Gesi ya Ziwa Kivu ni nyingi kweli: methani peke yake ni kama kilomita za ujazo 60, na kabonidioksaidi inazidi hapo mara kadhaa. Lakini imeyeyuka ndani ya maji mazito ya chini, kuanzia kama mita 260 kwenda kilindini, na maji ya juu yanaikandamiza hukohuko. Haipandi ikavuta mawingu. Ina hatari zake, na wapo wanaozifuatilia Goma, ila kuleta mvua si mojawapo. Ya dhambi namwachia pasta, kila mtu na kazi yake. Ya miti nitayarudia, kwa sababu hapo ushauri wa mashirika ni sahihi nusu tu, na mlimani nusu hiyo nyingine inaweza kuua.

Sasa, utafiti unageukaje kuwa mpango wa nchi? Wengi wanadhani lile jopo la kimataifa la tabianchi, ambalo sisi tunaosoma Kifaransa tunaliita GIEC, lina maabara zake na watu wanaozunguka dunia na vipimo mkononi. Halina. Tangu lilipoundwa mwaka 1988 kazi yake ni kusoma: mamia ya wanasayansi wanakusanya tafiti zilizokwisha kuchapishwa, wanazichuja, wanaandika zinakubaliana wapi na zinapingana wapi. Kwa hiyo kisichochapishwa hakionekani. Ripoti yake ya 2021 ina ramani ya dunia iliyokatwa vipande vya pembe sita, kila kipande kikionyesha kama mvua kubwa zimeongezeka tangu miaka ya 1950. Ulaya ya Kaskazini imepakwa rangi: ndiyo, zimeongezeka. Kipande cha Afrika ya Kati ni cha kijivu: data au tafiti hazitoshi. Kijivu hicho hakisemi kwamba kwetu hakuna kilichobadilika, kinasema hakuna aliyeweza kuthibitisha. Ukikaa mezani kuomba fedha, utaona uzito wa tofauti hiyo.

Hatuko gizani kabisa, lakini. Kuna mambo ambayo fizikia inayajua hata bila kituo cha Bukavu. Dunia imeshapata joto la zaidi ya digrii 1.1 kulinganisha na nusu ya pili ya karne ya 19, na kila digrii moja inayoongezeka inaiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia kama 7. Siku mvuke huo ukiangushwa, unaanguka kwa wingi zaidi kwa muda mfupi. Basi unaponiambia mvua za sasa zinapiga kwa hasira kuliko zile za utoto wako, sikubishii hata kidogo, ndivyo tunavyotarajia. Ila kutarajia hakujawa kuthibitisha, na Kalehe ilituonyesha hivyo kwa uchungu.

Unaikumbuka Alhamisi ile, tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko Nyamukubi. Mito ilishuka na mawe na miti, ikapita juu ya nyumba za Bushushu na Nyamukubi. Maiti zilizopatikana zilizidi 400, na walioripotiwa kupotea walikuwa maelfu. Usiku wa kuamkia tarehe 3, ng'ambo ya ziwa, Rwanda nayo ilikuwa imepoteza watu zaidi ya 130. Kundi la kimataifa la wanasayansi, World Weather Attribution, likachukua swali lako lilivyo: mabadiliko ya tabianchi yalichangia kiasi gani? Njia yao inaeleweka. Wanachukua kumbukumbu ndefu za mvua za mahali pale, wanauliza mvua kama ile hutokea mara ngapi, kisha kwa kutumia modeli za kompyuta wanalinganisha dunia hii yenye joto na dunia ambayo isingechomwa mafuta wala makaa ya mawe. Mwaka mmoja kabla, kwa mvua za msimu wa 2022 katika bonde la Ziwa Chad, njia hiyohiyo ilitoa jibu kali: uwezekano wake uliongezeka kama mara 80. Kwa Kalehe, jibu lililotoka Juni 2023 lilikuwa kwamba hatuwezi kusema. Vituo vya mvua vya ardhini vilikuwa vichache mno, na makadirio ya satelaiti yalipingana yenyewe kwa yenyewe.

Daktari akipokea mgonjwa asiye na fishi, ile karatasi ya historia ya ugonjwa wake, anaweza kumtibu homa ya leo, lakini hawezi kusema homa hiyo ilianza lini wala kama inazidi. Sisi wa Kivu, mbele ya sayansi, ni mgonjwa huyo.

Fishi yetu ilipotelea wapi? Wakati wa Wabelgiji mvua ilipimwa kwenye misheni, kwenye mashamba ya kahawa na ya chai, kwenye vituo vya kilimo. Baada ya 1960 vituo vingi vilikufa kimoja kimoja, kwa kukosa mishahara, kwa kukosa hata daftari, na vita vilimalizia vingine. Vilivyosalia vinahesabika. Lwiro, kule juu ya barabara ya Kavumu, ilianzishwa mwaka 1947 na leo ni kituo cha utafiti wa sayansi asilia, CRSN. Karibu nayo iko Mulungu, kituo cha kilimo cha INERA, ambapo mbegu nyingi za maharagwe tunazokula zimepitia. Watu wa huko wameendelea kuandika milimita zao katika miaka ambayo hakuna aliyewauliza. Mimi binafsi nawaheshimu kuliko maprofesa wengi, nikiwemo mimi mwenyewe.

Utaniuliza, satelaiti si zipo? Zipo, na zinasaidia sana nchi tambarare. Lakini satelaiti haioni tone la mvua likigonga bati lako. Nyingi zinapima joto la mgongo wa wingu kisha zinakisia kilichoanguka chini yake. Milimani wingu fupi, lisilo baridi sana juu yake, linaweza kumwaga maji mengi bila satelaiti kushtuka. Na modeli za dunia nzima zina shida yake: nyingi zinaigawa dunia katika miraba yenye upande wa kama kilomita 100. Mraba mmoja unaweza kumeza Bukavu, ziwa lililoko mita 1,460, kilele cha Kahuzi chenye mita 3,308 na kipande cha Rwanda, kisha ukavipa vyote mwinuko mmoja wa wastani. Mtu wa Kadutu, mjini Bukavu, anajua kwamba mvua inaweza kumnyeshea yeye na kumwacha mtu wa Nguba mkavu. Mraba huo haujui.

Tazama sasa upande ambao sayansi ilipima. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba chini ya misitu ya vinamasi ya Cuvette Centrale, kati ya nchi yetu na Kongo-Brazzaville, kuna tabaka la mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyooza nusu tu, lenye eneo la kilomita za mraba 145,500, na ndani yake kaboni kama tani bilioni 30. Ikitoka yote angani ni sawa na hewa chafu ya mafuta na makaa ya mawe ya dunia nzima kwa miaka kama mitatu. Sehemu kubwa iko kwetu. Watu walikuwa wakivua samaki juu yake vizazi na vizazi, lakini kwenye meza ya mazungumzo haikuwepo. Machi 2018, mwaka mmoja tu baada ya kuchapishwa, mawaziri wa Kongo zote mbili na Indonesia walikuwa Brazzaville wakitia saini tamko la kuilinda. Kisha Yangambi, karibu na Kisangani, ukasimamishwa mnara wa mita 55 unaopima msitu unavyovuta na kutoa kaboni, mchana na usiku. Hivyo ndivyo utafiti unavyofika serikalini ukiwa na bahati: mtu anaingia matopeni na bomba la kuchimbia, anachapisha, na waziri anapata namba ya kusemea.

Namba hizo za msitu ndizo uti wa mgongo wa CDN, ahadi ambayo kila nchi iliyo katika Makubaliano ya Paris huiandika yenyewe. Ya kwetu iliyorekebishwa mwaka 2021 inasema tutapunguza hewa chafu kwa asilimia 21 ifikapo 2030. Ile ya 2015 ilisema 17. Kwa kuwa hewa chafu yetu nyingi inatoka kwenye kukata msitu na kulima, wala si viwandani, bila kupima msitu ahadi hiyo isingeandikika. Soma pia sehemu ambayo redio haisomi: katika hizo 21, ni 2 tu nchi inazoahidi kwa mfuko wake. Zile 19 zinategemea wafadhili, na gharama ya mpango mzima imekadiriwa kuwa dola bilioni 48.68, karibu nusu yake kwa ajili ya kujikinga na madhara. Na ukienda kuomba fedha hizo, mathalani kwenye Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, unatakiwa kuonyesha kwamba tatizo lako kweli linatokana na tabianchi. Mwenye mnara wa Yangambi anaonyesha. Mwenye kijivu kwenye ramani ataonyesha nini?

Umeuliza kama serikali inaisikia sayansi. Inaisikia pale inapokubaliana na kile inachotaka. Julai 2022 ilifungua zabuni ya vitalu 27 vya mafuta, vingine vikiwa juu ya mboji ileile. Oktoba mwaka huohuo Kinshasa ikapokea mkutano wa maandalizi ya COP27, kikao cha dunia cha tabianchi, na sisi tukajitangaza kuwa nchi ya suluhisho. Oktoba 2024 zabuni hiyo ikafutwa. Watu wa mazingira walishangilia, lakini sababu rasmi zilihusu maombi yaliyochelewa, yaliyokuwa na kasoro na ushindani mdogo. Kaboni haikuwa hoja. Sisemi hivi kwa kejeli; nchi yenye watu wanaopikia makaa kwa kukosa umeme ina haki ya kuwaza mafuta. Nasema ili ujue kwamba utafiti haumwamrishi waziri. Unamwondolea kisingizio cha kutojua, basi.

Wanafunzi wako wanaweza kuingia hapo, na si kwa mchezo wa kupoteza muda. Kata chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, geuza kichwa chake kiwe faneli ya juu. Sehemu ya chini si bapa, kwa hiyo tia vijiwe na maji hadi pale ubavu unapoanza kunyooka, piga mstari: hapo ndipo sifuri. Bandika rula. Simika mahali pa wazi, mbali na ukuta na mti mara mbili ya urefu wake, isije ikakingwa. Soma kila siku saa mbili asubuhi, andika tarehe na milimita, rudisha maji kwenye sifuri. Siku isiyo na mvua andika 0. Usiache wazi, maana nafasi wazi inatufanya tujiulize kama mvua haikunyesha au mtoto hakwenda. Sitakudanganya kwamba daftari hilo litaingia kwenye CDN. Wastani wa tabianchi huhesabiwa kwa miaka 30, na chupa si kipimamvua cha kitaalamu. Lakini idara za jiografia za ISP (chuo cha ualimu) na za vyuo vikuu vya hapa zina wanafunzi wanaotafuta data ya kazi zao za mwisho. Shule kadhaa za milima tofauti zikiandika kwa miaka michache zitatuambia mvua ya Funu inatofautianaje na ya Bagira, jambo ambalo hakuna satelaiti inayolijua leo.

Basi tufike kwenye ukuta wako. Hapa, Mwalimu, watafiti walifika hadi mlangoni. Mteremko wa Funu ni poromoko kubwa la udongo linalotembea polepole, na limechunguzwa kuliko mengi katika Afrika nzima. Wanasayansi wa makumbusho ya Tervuren ya Ubelgiji na wenzao wa Bukavu walilinganisha picha za ndege za zamani na za satelaiti, miaka 70 ya historia, wakachapisha matokeo mwaka 2022. Walichokuta hakimpendezi mtu anayetaka kulaumu tabianchi peke yake: jinsi mji ulivyosongamana juu ya mteremko ndivyo mwendo ulivyobadilika na kuongezeka kasi, kwa sababu ujenzi umebadilisha njia ya maji.

Fanya hesabu na watoto. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Paa lako la mabati likiwa na mita za mraba 40, mvua ya milimita 50 inakupa lita 2,000, mapipa kumi makubwa. Zamani maji hayo yalitawanyika kwenye majani ya mteremko. Sasa yanashuka kwenye kona moja ya nyumba na kuzama hapohapo, ukutani mwa jirani wa chini. Zidisha kwa nyumba zote za kartie (mtaa), ongeza mabomba yanayovuja na maji ya vyoo. Udongo ulioloa ndani kabisa unalegea na kuteleza. Tabianchi inaweza kuongeza maji yanayotoka juu, lakini sisi ndio tunaoyaelekeza.

Kwa hiyo miti? Panda, mmomonyoko wa juu itauzuia, na korongo changa litatulia. Ila poromoko la Funu linatelezea chini sana, kuliko mizizi inapofika. Mtu akikuambia mikaratusi itaishika nyumba yako, msikilize kwa adabu kisha uendelee kuchimba mfereji.

Kuhama au kubaki, sitakuamulia nikiwa mbali, na usimwamini anayekuamulia bila kuona ufa. Kuhama kuna bei, na wengi wanaotoka mteremko mmoja wa Bukavu huangukia mwingine usiochunguzwa, wenye hatari zaidi. Kubaki kunawezekana mahali mwendo ni mdogo, nyumba ni nyepesi, na maji ya paa yanakingwa kwenye pipa au kupelekwa kwenye mfereji uliojengwa. Lakini mfereji wako peke yako unaomwaga kwa jirani ni kuhamisha msiba. Hilo ni la kuzungumza avenue nzima, na shefu, mkuu wa kartie, akiwepo.

Ili mtaalamu akusaidie, anza leo kuupima ufa. Chora kwa kalamu mstari unaoukatiza, weka alama pande zote mbili, pima umbali kwa rula ya milimita kila Jumamosi, andika tarehe. Ufa uliokaa palepale msimu mzima huenda ni msingi mbaya tu, wa kuonwa na fundi. Ufa unaoongezeka kila wiki ni wa mtu wa jiolojia: nenda idara ya jiolojia ya Université Officielle de Bukavu na daftari lako, na upeleke taarifa kwa shefu wa kartie na kwa watu wa Protection civile, idara ya kukinga raia na maafa.

Usingoje daftari lijae ukiona haya: mlango uliokuwa ukifunga vizuri umekwama ghafla, ufa mpya umetokea ardhini nje ya nyumba, miti au nguzo zimeinama, chemchemi imetoka mahali pasipokuwa na maji, au maji yake yamegeuka tope. Hapo toa watoto usiku huohuo, hata kama ni kwenda kulala kwa shemeji, ubishi wa vitu vya ndani utafanyika asubuhi. Usitoke kwa kufuata bonde wala mto. Pita kando, kwenye mgongo wa kilima. Na mtaalamu akija, mwonyeshe pia paa lako linamwagia wapi, maana nyumba nyingi wanaangalia ukuta na kusahau bati.